Kilo ishirini kichwani mwa mwingine: siku saba za njia ya Machame

Mtu akishuka Kilimanjaro, maneno yake ya kwanza huwa ya kilele, na ya pili huwa kwamba mlima umemfundisha kushukuru. Mwulize basi mpagazi wake alilala wapi, alikula mara ngapi kwa siku, na alibeba kilo ngapi. Aghalabu hajui. Shukrani ya namna hiyo ni rahisi mno, na anayestahili haimfikii. Kumbukumbu hizi za siku saba zinamfuata mpagazi, kwa faida ya mtu anayepanda akiwa mgeni: amelipa, anabebewa, na ana bahati ambayo wageni wengi hawana, kwamba anaelewa kila kinachosemwa jikoni.

Njia ya Machame hupandwa kwa siku sita au saba. Ratiba tuliyoifuata hapa ni ya saba, yenye usiku mmoja Karanga. Urefu wa kambi hutajwa tofauti kidogo kutoka ramani moja hadi nyingine, kwa hiyo namba za mita zichukuliwe kuwa za karibu.

Siku ya kwanza: Lango la Machame (m 1,800) hadi Kambi ya Machame (m 3,000)

Asubuhi ya langoni ni ya mzani. Wageni wanajiandikisha ofisini, na upande wa pili wapagazi, ambao wenyewe huitana wagumu, wamepanga foleni na mizigo yao. Kikomo ni kilo 20 kwa mtu. Kilo 15 ni za mgeni au za kampuni, na kilo 5 ni vitu vyake mwenyewe: begi la kulalia, koti, nguo za kubadili, sahani na kikombe. Ndiyo maana mgeni huambiwa begi lake lisizidi kilo 15. Akizidisha kilo tatu za viatu vya akiba na chupa za shampuu, kilo hizo haziyeyuki. Ama zinahamia kwa mpagazi mwingine, ama yule yule anazibeba kimyakimya kwa kupunguza vitu vyake, na kinachopunguzwa kwanza huwa kile kizito, yaani koti.

Inafaa kusimama pale mizigo inapofungwa. Begi la mgeni linaingizwa kwenye salfeti au mfuko mkubwa wa plastiki, mdomo unasokotwa na kukunjwa kwa chini, halafu kamba ya manila inapitishwa mara mbili kwa urefu na mara moja kwa upana, fundo likiwa pembeni ili lisichome kichwa. Plastiki ina kazi yake. Msitu wa Machame hunyesha hata miezi ya kiangazi, na begi la kitambaa likilowa huongeza uzito ambao mzani wa asubuhi haukuuona. Mfuko mdogo wa mpagazi hukaa mgongoni. Mzigo unapanda kichwani juu ya ngata, ambayo mara nyingi ni fulana kuukuu iliyosokotwa, au unalala mabegani nyuma ya shingo.

Begi la nguo lina nafuu, hujikunja likafuata umbo la kichwa. Wenye shida ni waliopangiwa meza, trei za mayai na mtungi wa gesi. Mtungi ni duara, ni baridi, hauna pa kushika. Halafu jina lake linadanganya: mtungi wa kilo 6 una kilo 6 za gesi tu. Chuma kina uzito wake, nao umepigwa muhuri kwenye mtungi wenyewe. Ukijumlisha unapita kilo 12. Kiongozi anayekadiria kwa jina la mtungi amemwongezea mtu mzigo maradufu.

Hesabu ya idadi ya wapagazi ni nyepesi, na kila mgeni angepaswa kuifanya kabla ya kulipa. Chukua wageni wawili, siku saba. Mabegi yao kilo 30. Hema lao kilo 6. Hema la kulia chakula, meza na viti kilo 20. Jiko, mitungi, sufuria na vyombo kilo 35. Chakula cha wageni kilo 20. Mahema ya wafanyakazi kilo 15, na chakula chao kilo 30. Ni makadirio, lakini jumla inapita kilo 150, na ukigawa kwa 15 unapata wapagazi 10 na kidogo. Bado hujaongeza choo cha kubeba. Sasa kampuni inayotoa bei ya kutupa ikakuletea wapagazi sita, ujue uzito uko palepale. Kilichopungua ni chakula cha wafanyakazi, au mahema yao, au kila mmoja amebeba zaidi ya kilo 20.

Inabebekaje zaidi ya kikomo wakati mzani upo? Mzigo hupitishwa mzanini ukiwa umegawanywa kwa watu wengi, akiwemo kiongozi msaidizi, kisha mbele kidogo msituni unarudishwa kwa mwenyewe. Mzani mdogo wa kuning'iniza, ule wa kupimia mabegi ya ndege, humaliza ubishi kambini. Utumie mbele ya kiongozi, kwa utani kama inawezekana. Ukijifanya askari, atakayebeba lawama baada ya safari ni mpagazi.

Kabla ya kuondoka langoni, hesabu watu na uandike majina yao kwenye daftari au simu. Sababu itaonekana siku ya mwisho.

Njia ya msituni ni kama kilomita 11, saa tano hadi saba kwa mgeni. Mpagazi akija nyuma hupaza sauti kuomba njia. Simama upande wa mlima, usisimame upande wa bonde, kwa kuwa mzigo wake umetokeza huku na huku na hawezi kugeuza shingo kuona ameacha nafasi kiasi gani. Usimsimamishe kwa salamu ndefu. "Pole na mzigo" inatosha. Atajibu akiwa ameshakupita. Maongezi ni ya kambini, akishatua. Na kuna wapagazi wenye umri wa baba yako, kwa hiyo "mambo" si ya kila mtu. Shikamoo haichukui nafasi kwenye begi.

Siku ya pili: Kambi ya Machame hadi Shira (m 3,850)

Kilomita tano tu, ila karibu zote ni za kupanda. Msitu unaisha, zinaanza nyasi na vichaka, upepo unaingia. Wageni wanafika mchana, siku bado ndefu, na hapo ndipo inafaa kuangalia mahali watu wanapolala.

Karibu na kambi kuna mapango. Miaka ya nyuma wapagazi walikuwa wakilala humo, baadaye ikakatazwa. Mahema yakachukua nafasi ya mapango, lakini hema la watu wanne linaweza kulaza sita au saba. Angalia sakafu: ipo, au wamelala juu ya turubai? Angalia kama hema lina tabaka la nje, kwani lisilo nalo huvuja jasho la watu saba usiku kucha na asubuhi mabegi ya kulalia yote yamelowa.

Mtego mmoja wageni hawaujui kabisa. Kampuni nyingine huwalaza wapagazi kwenye hema la kulia chakula. Maana yake, hawawezi kulala mpaka wageni watoke. Kikundi kikimaliza supu saa moja na nusu usiku, kikaamua kucheza karata hadi saa tatu, nje kuna watu wamesimama kwenye baridi na mabegi yao ya kulalia mkononi, wakisubiri kicheko kiishe. Hakuna atakayekuja kuwafukuza. Uliza mapema, jioni ya kwanza au ya pili: "Jamani, humu kuna mtu analala?" Wakisema ndiyo, kula na utoke.

Chakula nacho. KPAP, mradi wa kuwasaidia wapagazi ulioanza mwaka 2003 na wenye ofisi Moshi, umekuwa ukizitaka kampuni ziwape milo mitatu kwa siku. Kampuni mbovu hupika ugali mara moja, jioni. Uchoyo ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni ile hesabu ya langoni. Nusu kilo ya unga kwa mtu kwa siku, kwa watu 13, kwa siku 6, ni kilo 39 za unga mtupu. Hizo zinahitaji wapagazi wawili na nusu, nao wanahitaji kula. Mwenye kampuni anayetaka kupunguza gharama huanzia hapo, maana mgeni haoni sufuria ya pili.

Mpishi naye ana vita yake. Shira maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharage makavu hayaivi hata ukiyakesha, yanamaliza gesi tu. Ndiyo maana mboga ya wapagazi huku juu ni kabichi na dagaa, au maharage yaliyochemshwa kabisa kabla ya kupanda. Mboga ya kuchemshwa chini haikai siku nyingi. Ikifika siku ya tatu inaanza kuchachuka. Ukiona kikosi kimeleta maharage makavu mlimani, mpishi ni mgeni wa kazi.

Kuona yote haya hakuhitaji ukaguzi. Omba kwenda jikoni kushukuru chakula. Jikoni ni pale penye joto, watu wako pale, na sufuria zao ziko wazi.

Siku ya tatu: Shira hadi Barranco (m 3,950), kupitia Lava Tower (m 4,600)

Leo mgeni anapanda hadi Lava Tower, mnara wa mwamba ulio kwenye mita 4,600, ili mwili uzoee, kisha anashuka kulala chini. Kanuni ni nzuri na inafanya kazi. Lava Tower shinikizo la hewa halifiki asilimia 60 ya lile la usawa wa bahari, na hapo ndipo vichwa huanza kugonga. Wapagazi wengi hupita njia ya chini moja kwa moja hadi Barranco, kwenye miti ya ajabu ya senecio inayosimama mikono juu bondeni.

Watu hudhani mpagazi haugui mlima kwa kuwa ni mtoto wa hapa. Moshi iko chini ya mita 1,000. Kijana aliyekaa nyumbani miezi miwili ya masika bila safari anapanda na damu ileile ya mtu wa chini, akiwa amebeba kilo 20, amelala vibaya na pengine amekula mara moja. Mgeni akiumwa kichwa anaulizwa kila jioni na kupimwa oksijeni kidoleni. Mpagazi hupimwa na nani? Kwenye vikosi vingi, hakuna. Na akijisikia vibaya ana sababu nzuri ya kunyamaza: akishushwa leo, siku zilizobaki hazilipwi, na bahshishi ya mwisho inaweza kumpita.

Dalili zake zinaonekana kwa mtu mwenye macho. Aliyekuwa anafika kambini wa pili au wa tatu sasa anafika wa mwisho. Amekaa pembeni, sahani yake imejaa. Mwambie atembee mstari ulionyooka, kisigino mbele ya kidole; akiyumba kama mlevi, ubongo wake unavimba na hakuna kungoja asubuhi. Kikohozi kinachokoroma na pumzi inayokatika hata akiwa amekaa ni maji kwenye mapafu. Dawa ya yote mawili ni kushuka, sasa hivi, usiku au mchana, na mtu wa kumsindikiza. Kampuni nyingine humtuma mpagazi mgonjwa ashuke peke yake kwa kuwa "anaijua njia". Kuijua njia hakumsaidii mtu asiyeweza kusimama.

Mgeni anaweza kusema sentensi moja kwa kiongozi, mbele ya watu, na ikabadilisha mambo: kwamba atakayeugua atapata bahshishi yake kamili kama aliyefika mwisho. Ikishasemwa hadharani, ugonjwa hauna sababu ya kufichwa.

Siku ya nne: Barranco hadi Karanga (m 4,000)

Asubuhi ni ukuta. Ukuta wa Barranco una mita kama 250 za kwenda juu, na hauhitaji kamba, ila mikono miwili inahitajika. Mgeni anafunga fimbo zake begini na kushika mwamba. Mpagazi ana mkono mmoja tu, wa pili umeshika meza iliyo kichwani. Kuna mahali njia inakuwa rafu nyembamba, na mtu hulazimika kulikumbatia jiwe kifua kwa kifua ili apite. Wageni hulibusu na kupigwa picha. Mwenye mtungi kichwani hawezi kulikumbatia jiwe. Hupita kwa kuinama pembeni, uzito wote ukining'inia upande wa bonde, mguu mmoja ukitafuta pa kukanyaga bila yeye kupaona.

Foleni ndiyo hatari kubwa hapa. Vikosi vyote huondoka saa moja na nusu hadi saa mbili asubuhi, wageni wanakwenda polepole na wapagazi wamekwama nyuma yao na mizigo kichwani. Kusimama na kilo 20 ni kugumu kuliko kutembea nazo. Kwa hiyo, ama ondoka mapema kabla ya msongamano, ama ngoja hadi saa tatu. Ukiwa katikati ya ukuta, kila penye nafasi ya kusimama bana mwamba na uwapishe wapite. Picha zitapatikana juu.

Baada ya ukuta njia inapanda na kushuka hadi Bonde la Karanga, na kambi iko ng'ambo ya bonde, juu ya kilima kikali. Ukifika umechoka, utaletewa beseni la maji ya vuguvugu ya kunawa. Lifuate beseni hilo kinyumenyume. Kijito kiko bondeni, chini kule ulikotoka, na hayo ndiyo maji ya mwisho upande huu wa mlima kabla ya kilele. Mpagazi aliyekwishatua mzigo wake, akasaidia kusimamisha mahema, ameteremka tena na dumu la lita 20, akalijaza kikombe kwa kikombe pale maji yalipo membamba, akapanda nalo. Lita moja ni kilo moja. Dumu tu likishajaa limefika kikomo cha mzani wa langoni, na hapa hakuna mzani.

Sasa piga hesabu ya kesho. Barafu hakuna maji. Kikosi cha wageni wawili na wafanyakazi 13 au 14, kila mmoja lita tatu za kunywa na kupikia, ni lita 45 hadi 50 kwa siku, na zinahitajika pia za usiku wa kilele na za kurudi. Yote yanatoka kwenye kijito hiki na yanapandishwa kambi nyingine, juu ya mizigo ileile. Chakula kimepungua tangu siku ya kwanza, ndiyo nafuu pekee, na kiongozi mwenye akili hupanga gunia la unga liishe siku ya tatu ili mbebaji wake awe mbeba maji siku ya tano. Asiye na akili humshusha huyo mtu nyumbani siku ya nne kuokoa mshahara wake, halafu maji yanagawanywa kwa waliobaki.

Kuanzia Karanga, kataa beseni. Vitambaa vyenye unyevu vinatosha kwa siku mbili, mradi vishuke nawe. Kataa mapema, kabla mtu hajashuka bondeni. Kukataa beseni lililokwishafika mlangoni ni kumwaga jasho la mtu kwa heshima.

Siku ya tano: Karanga hadi Barafu (m 4,650)

Kilomita nne, mawe na vumbi. Kambi imekaa kwenye mgongo wa mwamba, upepo unakuja kutoka pande zote, na ardhi haipokei vigingi vya hema. Kamba hufungwa kwenye mawe. Kuni zimekatazwa mlima mzima, hivyo moto pekee ni wa jiko la gesi.

Tazama mikono ya watu leo. Glavu za sufu zikilowa maji ya dumu hazina faida tena, na wengi hawana jozi ya pili. Viatu vya mpira vilivyofaa msituni vinakakamaa. Kwa wapagazi wanawake, ambao idadi yao imekuwa ikiongezeka, kuna jambo la ziada: hema. Kwenye vikosi visivyo na mpango wanalazwa pamoja na wanaume kumi, na choo cha kubeba ni cha wageni peke yao. Kama kuna mwanamke kwenye kikosi, uliza alipolazwa wakati wa kulipia safari. Hapa Barafu umechelewa.

Siku ya sita: Barafu hadi Uhuru (m 5,895), kisha Mweka (m 3,100)

Wageni huamshwa saa tano usiku na kuanza kupanda kama saa sita. Stella Point iko karibu mita 5,750, na kutoka hapo hadi Uhuru ni mwendo wa saa moja hivi kwenye ukingo wa kreta. Juu kabisa shinikizo la hewa ni karibu nusu ya la usawa wa bahari, na baridi ya nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri ni jambo la kawaida kabla ya jua. Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge hapo usiku wa Uhuru mwaka 1961. Mengine ya kilele yamekwisha kuandikwa na kila aliyefika.

Wapagazi wengi hawafiki kileleni, kazi yao iko kambini. Huenda mmoja au wawili, wanaoitwa wapagazi wa kileleni, wakibeba mifuko ya wageni, chai na mtungi wa oksijeni. Kama mfuko wako umebebwa usiku huo, aliyeubeba alikuwa amebeba dumu mchana.

Waliobaki wanaamka kabla ya alfajiri kwa baridi. Kuanzia saa tatu asubuhi wageni wanaanza kurudi, wengine wameshikwa mikono. Wanapokewa na juisi, wanavuliwa viatu, wanalazwa saa moja. Na hapo ndipo siku ya mpagazi inaanza. Mgeni akiamka, anakula, anaondoka kushuka hadi Mweka, karibu mita 1,500 chini. Nyuma yake kambi inavunjwa: vigingi, mahema yaliyoganda, jiko, choo, taka zote, maana taka hupimwa langoni na kilichopanda kinatakiwa kishuke. Halafu wanampita njiani wakikimbia, ili akifika Mweka akute hema limesimama kana kwamba limeota.

Magoti ndiyo yanayolipa siku hii. Kushuka na kilo 20 kichwani kwenye changarawe, na baadaye kwenye udongo unaoteleza, kunaumiza kuliko kupanda, na ajali nyingi za vifundo vya miguu ni za mteremko huu. Kuwapisha njia leo ni muhimu kuliko siku zote. Ukisikia mawe yanabingirika nyuma, ingia kando na ukae kimya; anayekuja hawezi kufunga breki.

Kikosi kikipika chakula cha jioni Mweka, mara nyingi ndicho cha mwisho, na akiba iliyobaki hugawanywa. Usishangae kuona mchele na sukari vikifungwa kwenye mifuko midogo.

Siku ya saba: Kambi ya Mweka hadi Lango la Mweka (m 1,640)

Asubuhi kuna nyimbo, ngoma za ndoo, na bahasha. Tatizo liko kwenye bahasha. Bahshishi ikikabidhiwa kwa kiongozi ndani ya bahasha moja iliyofungwa, hakuna anayejua ndani mna nini, na mpagazi atapokea kile atakachopewa. Njia iliyo wazi ni hii: andika kwenye karatasi jumla, kisha kila cheo na kiasi chake (kiongozi, msaidizi, mpishi, mpagazi), na usome kwa sauti mbele ya wote, kwa Kiswahili, kabla fedha haijatoka mkononi. Ukiweza, mpe kila mmoja mkononi kwa jina. Kampuni nyingi hutaja dola 6 hadi 10 za Marekani kwa mpagazi kwa siku, zikigawanywa kati ya wageni wote wa kikundi. Beba noti ndogo za shilingi. Noti moja kubwa kwa watu watano ni ugomvi ndani ya basi.

Sasa orodha ya langoni ina kazi. Kiongozi akisoma majina 12 na waliosimama mbele yako ni 10, uliza wawili wako wapi. Kama wamo kwenye daftari lako, huenda walishushwa mapema, na haki yao ipo. Kama hawamo, huenda hawakuwahi kuwepo: majina yao yako kwenye karatasi, mizigo yao ilibebwa na hawa 10, na fedha zao zina mwenyewe.

Bahshishi haina uhusiano na mshahara, ingawa kampuni nyingine hufanya kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa miaka mingi kiwango ambacho KPAP ilikipigania kilikuwa shilingi 20,000 kwa siku, ambayo kwa siku saba ni 140,000. Ndani yake mpagazi hutoa nauli, na wengine wamelazimika kumpa mtu kitu kidogo ili tu waitwe kwenye safari. Ukizingatia miezi ya masika isiyo na wageni, fedha hiyo inavuka muda mrefu. Chukua namba ya simu ya mpagazi mmoja au wawili. Baada ya siku kadhaa wapigie, uwaulize kama mshahara umeingia na ni kiasi gani. Kama haujaingia, iandikie kampuni ukitaja tarehe ya safari na jina la kiongozi. Majina ya waliokuambia yaache nje ya barua, la sivyo msimu ujao hawataitwa.

Kuhusu nguo za kuacha: usizigawe njiani mlimani, kwa kuwa zinaongeza mzigo na huenda kwa aliye karibu, hata kama mwenye shida yuko nyuma. Zigawe Mweka kazi ikiisha, au zipeleke ofisi ya KPAP Moshi, ambako wapagazi huazima vifaa vya mlimani bila malipo. Glavu zisizopitisha maji, suruali za mvua, makoti mazito na taa za kichwa zinazowaka vina kazi kuliko fulana za ukumbusho. Viatu vilivyoachia soli vibaki kwako.